Ashiki katika Riwaya ya Kiswahili na Mgawanyiko wa Wasomaji Wake

Ni riwaya chache za Kiswahili zilizowagawanya wasomaji kama Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, ikazuiwa kusomwa mashuleni nchini Tanzania kwa kuhofiwa kwamba ingepotosha vijana, na baadaye ikaingizwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa. Hadithi ni ile ile. Ni ile ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na vitisho, akaenda shule ya bweni, akaingia mikononi mwa wanaume mmoja baada ya mwingine, akatoa mimba, akajaribu kutulia, akakataliwa na mchumba kwa sababu hakuwa bikira, akajiua. Waliokiogopa kitabu hiki na waliokuja kukifundisha walisoma kurasa zizo hizo. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza ni kitu gani hasa wasomaji hao wamekuwa wakibishania, maana tunavyoona sisi, sehemu kubwa ya ubishi huo haikuhusu kitabu chenyewe.

Kwanza hatuna budi kulitazama neno. Kiswahili kina mapenzi, kina mahaba, kina ashiki, kina nyege, na kila moja lina kiwango chake cha joto na baraza lake la kutamkiwa. Lakini msomaji anapochukizwa na ukurasa wa riwaya hatumii hata moja kati ya maneno hayo. Husema: "Kitabu hiki kina matusi." Usemi huu si wa kupita bure. Katika lugha yetu kuitaja tupu kwa jina lake ni kutukana, hata kama hapakuwa na mtu aliyelengwa. Mwenye kusema hivyo hadai tu kwamba ameonyeshwa jambo lililo ovu. Anadai kwamba yeye mwenyewe ametukanwa. Mhakiki anayemjibu kwa kumweleza kuwa mambo hayo "yamo katika jamii" hajamjibu hata kidogo, kwani matusi nayo yamo katika jamii, na bado hatukubali kutukanwa.

Hata hivyo jibu hilo ndilo lililotawala uhakiki wetu kwa miaka mingi. Watetezi wa Rosa Mistika walishika hoja ya uhalisia na hoja ya funzo. Walisema kwamba mwandishi anaumulika ukali wa wazazi wasiojua kulea, unafiki wa wanaume wenye vyeo na udhaifu wa shule zinazofungia wasichana kama mahabusi. Kwamba yale matendo ya kitandani yameonyeshwa ili yachukiwe. Kwamba msichana anayesoma ataona mwisho wa Rosa na kujihadhari. Hoja hii ilisaidia, na hatuibezi. Pengine bila hiyo kitabu kisingerudi darasani. Lakini ichunguzwe vizuri. Anayekipinga kitabu anasema kwamba ashiki katika maandishi ni hatari mpaka ithibitishwe kuwa na manufaa. Mtetezi wake anakubali sharti hilo, kisha anathibitisha manufaa. Basi wamekubaliana juu ya sheria, wanatofautiana juu ya ushahidi tu. Tujiulize: kama Rosa asingekufa, kama angeolewa na Charles wakakaa raha mustarehe, mtetezi angesema nini? Funzo lake lote limetundikwa juu ya maiti ya msichana.

Ukitupa jicho kwenye riwaya nyingine za kipindi hicho utaona kwamba waandishi wenyewe waliijua bei iliyotakiwa. Katika Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi huyo huyo, tendo la ndoa lililofanywa ovyo linarudi kwa njia ya maradhi, mtoto mwenye kichwa kikubwa, na Kazimoto kujiua. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake anatoroka na kutumbukia katika danguro, na ingawa hafi, analipa kwa miaka ya dhiki kabla ya kuruhusiwa kutulia. Mwisho wa Kosa (1987) ya Zainab Burhani limekwisha kutoa hukumu katika jina la kitabu. Hatusemi kwamba vitabu hivi ni sawa. Utengano, kwa mfano, inampeleka kizimbani Bwana Maksuudi kwa ukali ambao haupatikani kwingi. Tunachosema ni kwamba riwaya yetu iliruhusiwa kuingia chumbani kwa sharti la kutoka na msiba.

Msomaji mwingine, ambaye sauti yake ilichelewa kusikika, ni msomaji wa kike asiyeridhika na pande zote mbili. Yeye hasemi kitabu kina matusi, wala hasemi kina funzo. Anauliza macho yanayomtazama Rosa ni ya nani. Msimulizi wa Rosa Mistika, kwa sentensi zake fupi fupi zinazokwenda kama mtu anayehesabu, anatuambia wanaume wanafanya nini na kila tendo linazaa nini. Lakini kile Rosa anachokionja, kama ni raha, karaha, woga au udadisi, kinapitwa haraka mno kikilinganishwa na uzito wa matokeo. Hoja hii twaiona kuwa na nguvu kuliko zile mbili za kwanza, maana yenyewe inatoka katika kusoma. Nayo inatupeleka kwenye jambo ambalo huenda likawashangaza waliozoea kuiita riwaya hii ya ashiki: ashiki ndiyo hasa iliyopungua ndani yake. Iliyojaa ni hukumu. Baba anahukumu, shule inahukumu, kijiji kinahukumu, mchumba anahukumu, na baada ya kifo Rosa na Zakaria wanafikishwa mbele ya kiti cha hukumu chenyewe. Hata jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria, na kila linapotamkwa msichana anapimwa kwa kipimo ambacho hakukichagua. Mwandishi aliyepata kusoma seminari hakulichagua jina hilo kwa bahati.

Wapo wasemao kwamba mzozo huu wote ni wa kuletwa. Kwamba Mwafrika wa jadi hakuandika wala kutamka mambo haya, na riwaya imeyaokota Ulaya. Mwenye kusema hivyo aende akaulize vyumba vya harusi vya Mombasa, Lamu na Unguja. Nyimbo za vugo na mafunzo ya unyago yana maelezo ya mwili na ya starehe ambayo riwaya yoyote ya Kezilahabi ikisimamishwa mbele yake itaona haya. Kungwi hamfundishi mwari kwa kumtisha na kifo. Humfundisha jinsi ya kupata na kutoa raha, kwa ngoma, kwa kicheko na kwa viungo vya mwili. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameonyesha jinsi shughuli hizi zilivyokuwa taasisi kamili yenye vyeo na kanuni zake. Na katika ushairi wa maandishi, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, hakuona aibu kuweka mashairi ya mahaba pamoja na yale ya vita na siasa za mji, kama alivyotuonyesha Mohamed Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979.

Je, watu hawa hao waliokuwa na vugo na unyago walikuwa hawana mwiko? La hasha. Walikuwa nao, na ulikuwa mkali. Ila mwiko wao haukuhusu jambo lenyewe. Ulihusu mlango. Neno linaloimbwa mbele ya wanawake waliokwisha kuchezwa haliimbwi mbele ya mtoto, wala mbele ya mwanamume, wala barazani mbele ya mkwe. Ndani ya mlango neno ni elimu. Likivuka kizingiti linageuka tusi, ingawa halikubadilika hata silabi moja. Kwa hiyo swali la mila ya pwani halikuwa "Je, jambo hili lisemwe?" Lilikuwa "Lisemwe na nani, mbele ya nani, lini?"

Utendi wa Mwana Kupona ni mfano mzuri, na tungependa kukaa nao kidogo. Mjane wa Bwana Mataka wa Siu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Ndani yake mna mashauri juu ya usafi, manukato, maua, kitanda, na jinsi ya kumtunza mume hata alale. Ni maneno ya mama anayejua kuwa anakufa, akimwambia mtoto wake wa kike. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu hapo umesomwa na watu ambao Mwana Kupona hakuwahi kuwafikiria: maafisa wa kikoloni, wanafunzi wa vyuo, wahakiki wa Nairobi na Dar es Salaam. Basi maoni yakagawanyika. Kuna waliouona kuwa ni hati ya utumwa wa mwanamke. Kuna waliouona kuwa ni werevu wa mwanamke anayempa binti yake silaha za kumtawala mume asijue. Kuna waliopendelea kuutazama kama utendi wa dini na kuzipita beti za manukato kimya kimya. Wote hawa wanasoma barua ya mtu mwingine. Hatusemi wasiisome. Tunasema tu kwamba tofauti zao nyingi zinatokana na mlango kufunguliwa, wala si na yaliyomo.

Na chapa ndiyo iliyofungua mlango. Kitabu hakimchagui msikilizaji wake. Mwenye shilingi hukinunua, asiye nayo huazima, na mtoto hukitoa chini ya godoro la kaka yake. Kwa Kiswahili hali hii ilizidi kuwa ngumu kwa sababu ya historia ya pekee ya vitabu vyetu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa na jukumu la kuvipitia vitabu vya Kiswahili vilivyokusudiwa shule katika nchi nne za Afrika Mashariki. Literature Bureau, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipanua soko lakini haikuubadili mwelekeo. Riwaya ya Kiswahili ikakua ikiwa mtoto wa shule, na mpaka leo mchapishaji anayepokea mswada swali lake la kwanza ni kama utaweza kutahiniwa. Fasihi za lugha nyingine zina riwaya za watu wazima na riwaya za shule. Yetu imelazimika kuwa zote mbili ndani ya jalada moja.

Inafaa kukumbuka kwamba hata huko Uingereza, ilikotoka sheria tuliyorithi katika Kanuni zetu za Adhabu kuhusu maandishi machafu, ubishi uliangukia mahali pale pale. Penguin iliposhitakiwa London mwaka 1960 kwa kuchapisha Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence, mwendesha mashtaka aliwauliza wazee wa baraza kama wangependa wake zao au watumishi wao wakisome kitabu hicho. Watu walimcheka, na kampuni ikaachiliwa. Lakini katika swali lake la kijinga alikuwa amekiri ukweli: bwana mwenyewe kukisoma hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni bei nafuu iliyokipeleka kitabu jikoni.

Kwetu Kenya tulikuwa na mfano wetu katika miaka iyo hiyo ya Rosa. David Maillu alitoa My Dear Bottle (1973) na After 4.30 (1974) kupitia kampuni yake ya Comb Books, vikanunuliwa kama mkate wa moto mjini Nairobi, vikapigwa marufuku Tanzania, na baadhi ya wahakiki wakaviita takataka. Watetezi wake nao wakakimbilia kule kule: eti anawaonya walevi, eti anafichua mabosi wanaowaonea makarani wao wa kike. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na tunadhani hilo liliwapunguzia hasira wazee wengi, kwani kwa Mkenya wa wakati huo lugha ya kigeni ilikuwa kama pazia. Tusi lililotamkwa kwa Kiingereza halikumfikia mama mkwe. Kezilahabi hakuwa na pazia hilo. Aliandika kwa lugha ambayo mama mkwe angeielewa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la fani, ambalo pande zote zimelipuuza. Mila ya pwani ilikuwa na njia ya kulichukua jambo la ndani na kulipitisha hadharani bila kuvunja mlango, nayo ni fumbo. Katika taarab mwimbaji husimama mbele ya umati wenye watoto na wazee, akaimba juu ya nazi, ua, kisima, njiwa au jahazi. Aliyekwisha kuingia ndani huelewa na hutabasamu. Ambaye hajaingia husikia nazi tu. Fumbo, kwa maneno mengine, ni mlango unaobebwa ndani ya lugha: kila msikilizaji hufunguliwa kwa kadiri ya umri wake. Siti binti Saad, aliyepeleka taarab ya Kiswahili katika santuri mwaka 1928, aliweza kusikika katika kila mkahawa wenye gramafoni kwa sababu sanaa yake ilikuwa na kufuli lake yenyewe. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alifika mbali zaidi: alizipandisha hata ngoma za unyago jukwaani, mpaka ng'ambo, na wako wanawake wa Unguja waliosikitika kuona cha ndani kinaanikwa, kama walivyokuwepo waliofurahi. Ubishi wa mlango tena.

Riwaya ya uhalisia ililitupa fumbo. Hili halikuwa kosa la uzembe. Kezilahabi alitaka lugha ya wazi. Katika Kichomi (1974) aliachana na vina na mizani kwa nia iyo hiyo ya kuikaribia lugha ya kila siku, na mgogoro wa ushairi uliofuata tunaujua sote. Ni ajabu kwamba wahakiki wameiweka migogoro hii miwili katika kabati mbalimbali, huu wa maadili na ule wa umbo. Tunavyoona ni mmoja. Mtu yule yule, katika miaka ile ile, alikataa kuvika neno nguo zilizozoeleka. Katika ushairi alishutumiwa kwa kuvunja kaida, na katika riwaya kwa kuvunja heshima.

Basi aliyeipinga Rosa Mistika mashuleni alikuwa mjinga? Tungependa kumtendea haki, maana wahakiki wa chuo kikuu humcheka kwa wepesi mno. Fikiria darasa la wanafunzi 40, wavulana na wasichana, mwalimu mwanamume mbele, na kitabu kinasomwa kwa sauti, zamu kwa zamu. Ukurasa wa Rosa na Deogratias unamwangukia msichana wa miaka 16. Wavulana nyuma wanaguna. Hapo msichana yule hasomi fasihi, anaonyeshwa hadharani. Mila ambayo ingemtenga chumbani na kungwi, pamoja na wenzake wa rika na jinsia yake, ilikuwa na busara ambayo ratiba ya shule haina. Kwa kadiri hiyo pingamizi lile lina msingi, na mtetezi asiyelijibu amekwepa kazi.

Lakini jibu lipo, na kwa bahati njema limo katika riwaya yenyewe. Tusisahau chanzo cha balaa ya Rosa. Zakaria anaikuta barua ambayo Charles amemwandikia binti yake. Anaisoma. Halafu anampiga binti, na mama naye hasalimiki. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume kwa woga usio na elimu ndani yake, na woga huo unapovunjika, anavunjika nao. Maandishi ya mapenzi yamekutwa mkononi mwa msichana, mwenye mamlaka ameyasoma, amekasirika, ameadhibu, na hakusema lolote la kumfundisha: je, hii si habari ya marufuku yenyewe, imeandikwa kabla marufuku haijatolewa? Wizara ilipokiondoa kitabu mashuleni ilirudia tendo la Zakaria. Na hapa hatudai kwamba Ukerewe ingekuwa na makungwi wa Kiunguja. Ziwa lina mila zake na pwani ina zake, na kupima moja kwa pishi ya nyingine ni uhakiki mbovu. Tunasema tu kwamba katika ulimwengu wa riwaya hii hakuna chumba hata kimoja ambamo mtu mzima anazungumza na Rosa juu ya mwili wake bila ya kumtisha au kumtaka. Regina anampenda mwanawe lakini amenyamazishwa. Shule inafunga malango. Deogratias ndiye "mwalimu" wa kwanza.

Charles naye tumtazame kwa macho haya. Wasomaji wengi wa kiume, kwa uzoefu wetu wa kufundisha, humhurumia: amesubiri, amedanganywa, ana haki ya kuondoka. Wasomaji wa kike humwona kuwa mnafiki wa mwisho katika mlolongo wa wanafiki. Tofauti hii hujitokeza kila mwaka na kwa ukali uleule, nayo inatufundisha zaidi juu ya riwaya kuliko mihadhara mingi ya maudhui na fani. Maana Charles ni msomaji. Amepewa maisha ya mtu ayasome, ameruka kurasa zote za majuto, kazi na mabadiliko, akatafuta neno moja tu, na alipolikosa akakifunga kitabu. Ndivyo baadhi yetu tulivyoisoma Rosa Mistika: wengine wakitafuta matusi, wengine wakitafuta funzo.

Mwalimu anayetaka kuifundisha leo atalazimika kuamua mambo ambayo mtaala haumwamulii: kurasa zipi zisomwe kimya, nani asome nini kwa sauti, wasichana wapewe saa yao peke yao au la. Hayo ni mambo ya mlango, na yanawezekana. Gumu zaidi ni maswali ya mtihani. Yale tuliyoyaona sisi kwa miaka mingi ni ya sura moja: nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa, Zakaria au Rosa mwenyewe, mila au mabadiliko? Mtahiniwa huvikwa joho la hakimu, akapewa dakika 40 atoe hukumu. Swali linalouliza Rosa alitaka nini, na ni wapi katika sentensi za msimulizi tunapoweza kulisikia, bado hatujakutana nalo.